Mwalimu Bado, Aliyeandika Watu kwa Penseli

Dada yetu mkubwa alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Machi 1946, wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi seremala na mshona nguo. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kulala watu sita, kingine cha mbao na cherehani. Mama yetu alipenda kusimulia jinsi binti huyu alivyochelewa kutembea. Alifikisha miezi kumi na saba angali anakaa sakafuni kwenye maranda, akitazama miguu ya watu wakipita. Mkunga aliyeishi jirani alimpapasa magoti, akamwambia mama, "Miguu haina kasoro. Huyu anangoja aelewe kwanza." Mwezi uliofuata alisimama, akavuka chumba chote bila kuanguka, akafika mlangoni, akageuka kuhakikisha kwamba wameona. Baba alichukua futi yake ya kazi, akapima: futi kumi na moja kamili. Siku hizo mtoto alipewa ruhusa ya kuchelewa. Leo wa miaka mitano anavalishwa joho na kofia ya mhitimu, anapigwa picha, na bado hajui kufunga kamba za viatu vyake.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1953 na kumaliza shule ya msingi mwaka 1960, wa pili katika darasa la watoto arobaini na sita. Aliyekuwa wa kwanza alikwenda sekondari. Yeye alikaa nyumbani miaka miwili kwa sababu mama aliugua kifua, na wadogo zake walihitaji kupikiwa, kuoshwa na kuchapwa. Hakulalamika wakati ule, wala baadaye. Alisema miaka ile miwili ndiyo iliyomfundisha kazi.

Lakini alikuwa ameanza mapema zaidi. Alipokuwa na miaka kumi alipewa jukumu la kugawa biskuti za jioni, moja kwa kila mtoto. Mdogo wake wa mwisho wa kiume, aliyekuwa na miaka minne, alilia kwamba yake ni chache. Dada aliichukua ile biskuti, akaivunja vipande viwili, akamrudishia. Mtoto akanyamaza, akala kwa furaha ya mtu aliyeongezewa. Aliyedanganywa hivyo ndiye anayeandika wasifu huu, na alidanganyika kila jioni kwa miaka miwili. Siku moja, akiwa na miaka sita na miezi mitatu, alivitazama vile vipande, akasema, "Dada, umevunja tu." Mwingine angeona kwamba hila imekwisha. Marehemu alipiga makofi. Akaandika tarehe nyuma ya daftari lake la hesabu, na mbele ya tarehe akaandika: Leo ameona. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuhusu akili ya binadamu.

Alipata ualimu katika chuo cha miaka miwili, 1963 na 1964. Tarehe 11 Januari 1965 aliripoti katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alipewa darasa la kwanza, kama walivyopewa walimu wageni wote, maana hakuna aliyelitaka. Alilifundisha miaka thelathini na sita. Mara tatu alipandishwa kwenda madarasa ya juu, na mara tatu aliandika barua ya kukataa. Wenzake walidhani amerogwa. Chumba chake kilikuwa na madirisha manne, mawili yakitazama ukuta, na kila saa nne asubuhi harufu ya sabuni iliingia, watoto wote wakapiga chafya kwa zamu.

Katika daftari la mahudhurio kulikuwa na safu iliyoitwa Maoni. Walimu wengine waliijaza kwa wino, neno moja moja: mvivu, mzito, mwongo. Yeye aliandika kwa penseli, na kila mara aliweka tarehe. Hakuandika kwamba mtoto hawezi. Aliandika: Kungoja zamu, bado, 12 Februari. Kutofautisha kushoto na kulia, bado, 3 Machi. Mtoto alipoweza, alifuta. Mwisho wa mwaka safu yake ilikuwa nyeupe, imechubuka kwa kufutwafutwa, na mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mwalimu, kumbukumbu za serikali haziandikwi kwa penseli."

"Majina nimeyaandika kwa wino, mwalimu mkuu. Majina hayabadiliki."

"Na tabia?"

"Tabia yenyewe ina miaka sita. Wino utaizidi umri."

Mwalimu mkuu alicheka, akaacha. Watoto nao, waliosikia lile neno kutwa, wakamwita Mwalimu Bado. Jina likatoka nje ya geti, likafika sokoni, likafika hata kwenye bahasha za barua zake.

Hakuwaacha watoto walipohama darasa lake. Alikuwa na daftari lake binafsi, lenye jalada gumu, na humo aliwafuata. Alipokutana nao, hata miaka thelathini baadaye, aliwauliza maswali yasiyoulizwa na watu wengine. Hakuuliza una kazi gani, una gari gani. Meneja mmoja wa benki, ambaye alipokuwa na miaka sita alijificha chini ya dawati kila alipokosea hesabu, aliulizwa mbele ya wateja, "Siku hizi ukikosea unajificha wapi?" Yule bwana akafikiri, akajibu, "Naitisha mkutano, Mwalimu." Akaandikiwa, kwa penseli: Miaka arobaini na mbili. Kusema nimekosea, bado.

Imani yake ilikuwa moja, na aliishika mbele ya wakaguzi, wazazi na ndugu zake wajuaji: binadamu hamaliziki. Alikataa kusema kwamba mtoto hukua na mtu mzima hukaa. Alisema mtu wa miaka kumi na minne ni mgonjwa wa kioo, atapona. Wa miaka thelathini anajifunza kwamba wengine nao wana usingizi. Wa sitini anajifunza kutoa alichodhani ni chake. Mdogo wake yule wa biskuti, aliyejisomea vitabu vya mitumba na kuamini kila kilichochapishwa, alimwambia mara nyingi kwamba kichwa cha mtu mzima ni saruji iliyokauka. Alijibiwa hivi: "Na wewe uliyeanza kusoma kamusi ukiwa na miaka arobaini na moja, uliomba ruhusa kwa fundi gani wa saruji?"

Tarehe 20 Desemba 1969 aliolewa na mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, mtu mpole mwenye vidole vyeusi, aliyesoma maneno kinyumenyume kwa kasi kuliko watu wengi wanavyoyasoma kawaida. Kazi hiyo haipo tena. Siku hizi mtu anabonyeza, na makosa yanatoka mengi kuliko zamani. Shemeji yetu alipenda kusema, "Nimeoa mtu anayenipa alama." Na kweli, aliponuna siku tatu kwa sababu ya shati lililoungua pasi, marehemu alimwambia mama mkwe wake, "Mama, leo mwanao ana miaka mitatu. Tumwache, kesho huenda akaamka na thelathini." Aliamka nayo. Waliishi kwa upendo mpaka shemeji alipofariki tarehe 9 Juni 2003.

Walijaliwa watoto wanne. Wa pili, wa kiume, aliishi wiki tano tu, akafariki Aprili 1973. Hilo linatajwa hapa kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza litajwe, pamoja na lile lililofuata.

Alirudi darasani baada ya siku kumi na mbili. Hakuna aliyemwambia apumzike zaidi, wala yeye hakuomba. Darasani alikuwamo mvulana wa miaka saba aliyekuwa na mkono usiotulia. Kilichomvutia ni kufuli la kabati. Wiki ile alilifungua mara tatu kwa msumari, akatoa springi na misumari yake midogo, akavipanga juu ya dawati kwa safu, vidogo kwa vikubwa, ulimi ukiwa nje upande wa kushoto. Mara ya tatu aliulizwa kwa nini, akacheka. Marehemu alichukua kalamu ya wino ya mwalimu mwenzake, akaandika mbele ya jina lake neno moja: Hafundishiki. Hakuweka tarehe. Katika miaka thelathini na sita, ni hilo moja tu.

Kesho yake alipeleka daftari kwa mwalimu mkuu, akaomba lile neno lifutwe. Jibu lilikuwa fupi: "Wino ni wino, Mwalimu." Akajipa moyo kwamba hakuna atakayelisoma. Lakini mwishoni mwa mwaka baba wa mvulana alihamishwa kikazi, na karani akajaza karatasi ya uhamisho kwa kunakili lile neno. Shule mpya ilisoma karatasi, ikasema nafasi zimejaa. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Mtoto akapelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa fundi kufuli. Marehemu alikuja kuiona nakala ya karatasi ile mwaka 1975, akaandika barua kwa shule zile mbili, kisha kwa ofisi ya elimu. Hakupata jibu la maana. Alistaafu tarehe 30 Novemba 2001 akiwa bado anamtafuta. Mwaka 2009 alisikia kwamba shule imeuza madaftari ya zamani kwa kilo, akaenda mwenyewe, akapekua marundo kutwa nzima. La 1973 lilikuwa limeshakwenda kufungia vitumbua. Watu walimwambia, basi, neno lile limepotea, tulia. Yeye alisema halijapotea. Nakala iliyobaki iko kichwani mwa aliyeandikiwa.

Tarehe 14 Mei 2016 ufunguo ulikatikia mlangoni kwa binti yake mkubwa, muuguzi, na akaitwa fundi. Alikuja mtu wa makamo mwenye sanduku la chuma, akapiga goti, akaanza kazi. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akimenya viazi. Alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Ulimi wako bado unafanya kazi upande wa kushoto."

Fundi akaurudisha ulimi ndani. Akageuka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekutafuta miaka arobaini na moja."

"Kwa ajili ya lile kabati?"

Alipomaliza kazi aliombwa risiti. Akampa binti wa marehemu kitabu cha risiti na kalamu, akasema, "Dada, andika wewe, miwani nimesahau nyumbani." Marehemu akaelewa. Akamweleza yote palepale: kuhusu mtoto wa wiki tano, wino, karatasi. Hakujitetea. Fundi alisikiliza akiwa ameshika bisibisi. Mwisho akasema hakujua kama kuna kitu kiliandikwa. Alijua tu kwamba kichwa chake hakishiki, na watoto wake amewaambia hivyo, wasije wakashangaa wakifeli.

"Njoo Jumanne na Ijumaa," marehemu alisema. "Saa kumi."

"Mwalimu, mimi ni babu."

"Sikukuuliza cheo."

Hakuja. Marehemu alipika chai ya watu wawili kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miezi ishirini. Wanawe walimwambia anajisumbua. Ndugu yake alimwambia zaidi ya hivyo, na kwa maneno makali. Januari 2018, siku ya Ijumaa, fundi alibisha hodi. Mjukuu wake alikuwa amemletea kitabu cha picha amsomee, naye akasema miwani imepotea. Yule mtoto, miaka minne, aliitafuta nyumba nzima, akaiona chini ya mto, akamvalisha babu yake mwenyewe. "Mwalimu," alisema fundi, "ile miwani ni vioo vitupu. Niliinunua ili niwe na kitu cha kusahau."

Wakaanza. Meza ya jikoni, daftari la mistari mipana, penseli. Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili na mwalimu alikaribia sabini na miwili. Mikono iliyoweza kufungua kufuli lolote mjini ilivunja ncha tatu za penseli siku ya kwanza kwa kukandamiza. Mara nyingi alitaka kuacha. "Hiki kichwa ni kizito, Mwalimu." "Kizito ni sanduku lako. Kichwa kina kutu tu, na wewe unajua dawa ya kutu." Kwa mwaka mzima alisoma silabi kama mtu anayehesabu funguo gizani. Mwaka wa pili alisoma ubao wa duka, akapita, akarudi, akausoma tena.

Katikati ya mwaka 2020 marehemu alianza kupoteza vitu: kwanza vijiko, kisha siku, kisha njia ya kurudi kutoka dukani. Tarehe 17 Novemba alipelekwa hospitali. Daktari kijana, jicho moja kwenye simu, alimpa karatasi na kumwambia achore saa ya ukutani. Alichora duara zuri, akaweka namba zote kumi na mbili upande mmoja, zikibanana. Aliitazama kazi yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameona maelfu ya michoro kama ile. Akamwambia daktari, "Hii ni saa ya mtoto wa miaka mitano. Mitano na nusu, ukiwa mkarimu." Binti yake alilia. Yeye alimpangusa, akasema, "Usilie, njia hii naijua. Nimekaa huku miaka thelathini na sita."

Ijumaa iliyofuata alimwambia fundi wazi. "Tuharakishe. Wewe unapanda, mimi nateremka. Nataka tukutane kwenye ngazi nikiwa bado nakufahamu." Kuanzia hapo fundi alikuja kila siku. Alifunga kibanda chake saa tisa, na wateja walionung'unika aliwaambia yuko masomoni.

Zilikuwa mbio, na kila aliyeingia jikoni mle aliziona. Yeye alipata aya, mwalimu akapoteza jina la mtaa. Yeye alipata ukurasa, mwalimu akamuuliza muuguzi, bintiye wa kumzaa, kama ameolewa na ana mama. Mwaka 2022 herufi zenyewe zilianza kumwacha. Lakini hata hapo sikio lilibaki. Fundi alipokosea neno, mwalimu aliinua kidole. Alipopatia, alikishusha. Ndugu yake mwandishi wa maneno haya, aliyekuja kubeza, alijikuta ameshika kitabu upande wa pili wa meza, akisahihisha yale ambayo dada hakuyaona tena. Hilo la saruji hakulirudia.

Siku moja, Februari 2023, marehemu alimtazama fundi kama mgeni, akamuuliza, "Wewe nani?"

"Mwanafunzi wako."

"Wa mwaka gani?"

"Wa mwaka huu, Mwalimu."

Akaridhika. Tarehe 6 Oktoba mwaka ule ule, fundi alimsomea kitabu kizima cha picha, cha yule mjukuu, kutoka jalada hadi jalada. Mtoto, ambaye sasa alijua kusoma mwenyewe, alikaa kwenye goti la marehemu akifuatilia kama babu anaruka mistari. Hakuruka. Kidole cha mwalimu kilikaa chini mwanzo hadi mwisho. Kisha akaomba penseli. Hatujui alitaka kuandika nini. Mkono ulichora mstari mmoja mfupi, ukapumzika. Lakini alikuwa akitabasamu, na alikuwa akimtazama fundi, si ukuta.

Baada ya hapo hakusema mengi. Alipenda kushikwa mkono na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, na alicheka alipoona maranda. Tarehe 2 Agosti 2024 alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi mitano na siku nane.

Ameacha watoto watatu: muuguzi, dereva wa lori na karani wa bandari; wajukuu saba na kitukuu mmoja anayechelewa kutembea, ambaye tunaomba asiharakishwe. Ameacha dada mmoja na kaka mmoja. Ameacha wanafunzi takriban elfu moja na mia nane, wengine wako hapa, wana mvi, na kila mmoja ana jambo ambalo bado.

Mwaka 2021, akili ikiwa bado yake, marehemu aliagiza ndugu yake auandike wasifu huu, na akaagiza nani ausome. Ndugu yake alipinga. Alisema sauti haitafika nyuma, watu watasimama juani, na yeye mwenyewe anasoma vizuri zaidi. Marehemu alijibu, "Najua unasoma vizuri. Ndiyo maana sikukuchagua." Tangu Jumatatu fundi amekaa na karatasi hizi usiku na mchana. Aliomba apunguziwe maneno marefu, akanyimwa, kwa sababu aliyemfundisha angemnyima. Kama sauti mnayoisikia imesimama mahali ikavuta pumzi, kama imerudia mstari, mmeisubiri kama mwalimu alivyotaka isubiriwe. Imefika mwisho. Hakuna aliyeisaidia.

Mwalimu, lala kwa amani. Kidole kishushe.